Dendrima na tiba ya saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila mara, kutoka kwa wagonjwa, kwa ndugu wanaowauguza, na kwa wanafunzi wa kemia na famasia. Nimeyapanga kuanzia yale ya msingi hadi yale ya hali za pekee. Anayetaka kujua tu kama dawa hizi zinapatikana hospitalini aende moja kwa moja swali la 15.

## Mambo ya msingi

1. Dendrima ni nini hasa?

Ni molekuli iliyojengwa kama mti. Polima nyingi tunazozishika kila siku, kama ile ya mfuko wa plastiki, ni minyororo mirefu ambamo kiungo hufuata kiungo kama shanga kwenye uzi. Dendrima huanzia kwenye kitovu kimoja. Kitovu kinatoa matawi, kila tawi linagawanyika, kila kitawi kinagawanyika tena, mpaka umbo zima linakaribia tufe lenye ncha nyingi kwa nje. Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kigiriki *dendron*, yaani mti.

Thamani yake katika tiba iko kwenye zile ncha. Kwenye ncha moja unaweza kufunga dawa, kwenye nyingine kitu cha kuitambua seli ya saratani, kwenye nyingine kitu cha kuificha dendrima isishambuliwe na kinga ya mwili. Molekuli moja inabeba vyote hivyo kwa pamoja.

2. Ni ndogo kiasi gani?

Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Dendrima aina ya PAMAM (kifupi cha poliamidoamini) ya kizazi cha 5 (maana ya kizazi iko swali la 3), ambayo ndiyo iliyochunguzwa sana katika utafiti wa saratani, ina kipenyo cha nanometa 5.4 hivi. Hiyo inakaribiana sana na himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya damu. Chembe nyekundu moja ya damu ina upana wa nanometa 7,000 hadi 8,000, kwa hiyo ukizipanga dendrima hizi mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo wa chembe hiyo, zitaingia zaidi ya 1,000.

Wanafunzi hupenda kuuliza kwa nini udogo huu una maana. Ni kwa sababu mwili umezoea vitu vya ukubwa huo. Protini zake nyingi ziko hapo hapo, na milango yake mingi, ya figo na ya mishipa ya damu, imepimwa kwa vitu vya namna hiyo.

3. Watafiti wanaposema “kizazi”, wanamaanisha nini?

Kila duru ya matawi ni kizazi kimoja. PAMAM ya kawaida ina ncha 4 katika kizazi cha 0, kisha 8, 16, 32, 64, na kizazi cha 5 kina ncha 128. Ncha zinaongezeka maradufu, lakini kipenyo kinaongezeka kwa takriban nanometa 1 tu kila mara. Matokeo yake ni msongamano. Vizazi vya chini vimelegea na viko wazi, vya kati vinajikunja kuwa tufe, na ukikaribia kizazi cha 10 nafasi imekwisha, hakuna pa kuweka tawi jipya bila kuacha mapengo.

4. Ziligunduliwa na nani?

Mwaka 1978, Fritz Vögtle na wenzake wa Bonn, Ujerumani, walichapisha njia ya kujenga molekuli kwa kurudiarudia hatua zilezile za kutoa matawi. Donald Tomalia na wenzake katika kampuni ya Dow Chemical, huko Michigan, Marekani, ndio waliozitengeneza PAMAM na kuzipa jina la dendrima, wakachapisha mwaka 1985. Mwaka huohuo George Newkome alichapisha molekuli zake za matawi, akaziita kwa jina lenye asili ya Kilatini cha mti. Kisha mwaka 1990 Craig Hawker na Jean Fréchet wakageuza njia nzima: walianza kujenga matawi kutoka nchani, wakayaunganisha kwenye kitovu mwishoni. Uamuzi huo ulileta molekuli zilizo safi zaidi, na utakuja kuona umuhimu wake katika swali la 17.

5. Zina tofauti gani na liposomu na polima nyingine zenye matawi?

Liposomu ni kifuko cha mafuta, mara nyingi chenye upana wa karibu nanometa 100, kilichojikusanya chenyewe kutokana na molekuli nyingi. Doksorubisini, dawa ya tibakemikali, iliyowekwa kwenye liposomu iliidhinishwa Marekani mwaka 1995, kwa hiyo huyu ni kaka mkubwa wa familia. Dendrima ni molekuli moja, kila atomu imefungwa kwa mwenzake. Haiwezi kutawanyika kwa sababu tu imechanganywa na damu nyingi.

Ndugu yake wa karibu ni polima ya matawi holela, ambayo hupikwa kwa mkupuo mmoja kwenye chombo kimoja. Ni rahisi na ya haraka kutengeneza, lakini kila molekuli inatoka na ukubwa wake na umbo lake.

6. Je, ni roboti? Zina chuma ndani?

Hapana. Hazina injini wala akili, na dendrima za kawaida zimejengwa kwa kaboni, haidrojeni, naitrojeni na oksijeni. Zinasukumwa na damu tu. Pale ambapo watafiti wanaongeza metali, kwa mfano gadolinia ili uvimbe uonekane vizuri kwenye picha ya MRI, metali hiyo inafungwa kwa makusudi kwenye ncha.

## Kubeba dawa na kuishusha

7. Kwa nini dawa ya saratani ihitaji kubebwa?

Kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba dawa nyingi za tibakemikali hazijui seli mbaya na seli nzuri. Zinaua seli inayogawanyika haraka, na uboho, utando wa utumbo na mizizi ya nywele nayo hugawanyika haraka. Ndiyo maana mgonjwa ananyonyoka nywele, anatapika, na seli zake nyeupe zinashuka.

Ya pili haisemwi sana: baadhi ya dawa haziyeyuki kwenye maji. Dositakseli huyeyushwa kwa kemikali iitwayo polisobeti 80, na paklitakseli ya asili kwa mafuta ya mbarika yaliyofanyiwa mabadiliko ya kikemia. Viyeyushi hivi vyenyewe vinaweza kuamsha mzio mkali, hata mgonjwa hupewa steroidi kabla ya dripu. Dawa ileile ikifungwa kwenye dendrima inayopenda maji, kiyeyushi kinaweza kuondolewa kabisa. Kwangu mimi faida hii peke yake ingetosha kuuhalalisha utafiti wote huu.

8. Dawa inapakiwaje?

Kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuisukuma dawa ikae kwenye nafasi zilizo kati ya matawi, bila kuifunga. Ni rahisi, lakini dawa huwa haikai: ikikutana na chumvi na protini za damu inaanza kuchuruzika ndani ya muda mfupi, na nyingi inakuwa imemwagika kabla ya kufika popote. Njia ya pili ni kuifunga kwenye ncha kwa kiungo halisi cha kikemia. Hapo dawa haidondoki njiani, lakini umejitwisha swali jingine zito: itafunguliwaje ikifika? Tazama swali la 10.

9. Dendrima inajuaje uvimbe ulipo?

Haijui, angalau si kwa namna watu wanavyodhani. Inafika kwa njia mbili zinazosaidiana.

Mwaka 1986 Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Japani walieleza kwamba mishipa ya damu ya uvimbe imejengwa ovyo na ina matundu, na kwamba uvimbe hauna mifereji mizuri ya kutoa maji. Molekuli kubwa kiasi zinapenya kwenye matundu hayo, zikishaingia zinakwama. Jambo hili ni la kweli, ila halina nguvu sawa kwa kila mgonjwa wala kwa kila uvimbe. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2016, yaliyokusanya tafiti za miaka kumi za wanyama kuhusu chembe nano za kila aina, yalikuta kwamba kiwango cha kati cha dozi kilichofika kwenye uvimbe kilikuwa asilimia 0.7. Isome tena namba hiyo. Zaidi ya sehemu 99 kati ya 100 zilikwenda kwingine, sana sana kwenye ini na wengu.

Njia ya pili ni kuweka alama. Baadhi ya seli za saratani hujaza vipokezi vya folati, vitamini ya kundi B, juu ya utando wake, kwa sababu zinaihitaji ili kugawanyika. Ukifunga asidi ya foliki, ambayo ni aina ya folati, kwenye ncha za dendrima, seli hiyo inaishika na kuimeza. Kundi la Chuo Kikuu cha Michigan lilifanya hivyo kwa PAMAM ya kizazi cha 5 iliyobeba dawa ya saratani iitwayo methotrekseti, na mwaka 2005 likaonyesha kwamba kwa panya uvimbe ulizuiwa vizuri zaidi kuliko kwa methotrekseti tupu, tena kwa sumu ndogo. Lakini alama haiivuti dendrima kutoka mbali. Inafanya kazi baada ya dendrima kuigusa seli, na kuifikisha huko ni kazi ya mishipa ya damu.

10. Ikishafika, dawa inashukaje?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe kwanza, kwa maana kupakia mzigo kila mtu anaweza. Kushusha mahali sahihi, kwa wakati sahihi, ndiko kunakotenganisha dawa na pambo la maabara.

Kiungo kati ya dendrima na dawa lazima kiwe kigumu ndani ya damu na dhaifu ndani ya seli. Wanakemia hutumia tofauti ambazo mwili wenyewe umeziweka. Damu ina pH, yaani kipimo cha asidi, ya 7.4; namba ikishuka asidi inazidi. Seli inapoimeza dendrima huiweka ndani ya kifuko, na kifuko hicho kinazidi kuwa na asidi, hadi pH ya 5 hivi. Kiungo cha hidrazoni hustahimili ile ya kwanza na kukatika katika ile ya pili. Njia nyingine inategemea glutathioni, molekuli ndogo inayotengenezwa na mwili, ambayo ndani ya seli ni nyingi kwa mamia au maelfu ya mara kuliko kwenye damu, na ambayo huvunja viungo vya salfa na salfa. Nyingine inatumia kipande kifupi cha protini kinachokatwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya vifuko vya kumeng'enyea vya seli.

Kuna jaribio moja ambalo huwa nalirudia kila ninapofundisha. Mwaka 2006 makundi ya Jean Fréchet na Francis Szoka, huko California, yalichapisha kazi ya dendrima yenye umbo la tai ya kipepeo: upande mmoja ulibeba doksorubisini, upande wa pili minyororo ya polietilini glaikoli (PEG). Panya wenye saratani ya utumbo mpana walichomwa sindano moja tu kwenye mshipa. Uvimbe ukayeyuka, na panya wote wakawa hai kwa siku 60 zote za jaribio. Hapo ndipo wengi wanapoishia kusoma, na wanakosa sehemu iliyo bora. Watafiti walitengeneza pia dendrima ya pili, yenye mti uleule na dawa ileile, ila dawa imefungwa kwa kiungo kisichokatika kwenye asidi. Hiyo haikuponya panya hata mmoja. Mzigo ulifika, haukushushwa.

Naongeza jambo moja kwa uaminifu: katika jaribio hilohilo, doksorubisini ya liposomu kwa kiasi kilekile ilifanya kazi kwa kiwango kinachokaribiana na cha dendrima. Kaka mkubwa bado ana nguvu.

11. Zinaweza kubeba vitu vingine zaidi ya tibakemikali?

Ndiyo. Dendrima zenye chaji chanya hushikana na DNA na RNA, ambazo zina chaji hasi, kwa hiyo zimetumika maabara tangu miaka ya 1990 kuingiza jeni ndani ya seli. Zimejaribiwa pia kubeba gadolinia kwa picha za MRI, rangi zinazong'aa za kumwonyesha daktari wa upasuaji mpaka wa uvimbe, vitu vya mionzi, na boroni kwa tiba ya nyutroni. Kazi hizi zina viwango tofauti vya ukomavu, na nyingi bado ziko kwa wanyama.

## Usalama

12. Dendrima zina sumu?

Inategemea nguo ilizovaa. Hilo ndilo jibu fupi, na linastahili kuonyeshwa.

Dendrima ya PAMAM ambayo haijafunikwa ina ncha za amini (vikundi vyenye naitrojeni), na kwenye damu ncha hizo hubeba chaji chanya. Utando wa seli una chaji hasi kwa nje. Vitu hivi viwili vinavutana, dendrima inaung'ang'ania utando na kuutoboa. Kipimo chake unaweza kukiona kwa macho. Unachukua chembe nyekundu za damu zilizooshwa, unazigawa kwenye vibomba vidogo, unatia dendrima, unaacha kwa muda kwenye joto la mwili, kisha unazungusha kwenye sentrifuji. Kwenye kibomba salama chembe zote zimetuama chini kama kitone chekundu kilichoshikamana, na maji ya juu ni maangavu. Kwenye kibomba chenye amini tupu kwa dozi kubwa hakuna kitone. Maji yamekuwa mekundu juu mpaka chini, kwa kuwa chembe zimepasuka na himoglobini imemwagika. Ukishaviona vibomba hivyo viwili vimesimama pamoja, huhitaji mtu akueleze kwa nini ncha zinafunikwa.

Kufunika huko kunafanywa kwa kuzigeuza amini kuwa asetamidi, kuweka vikundi vya haidroksili, au kuvisha minyororo ya PEG. Sumu inashuka sana. Jambo jingine linaloongeza sumu ni kizazi: kadiri ncha za amini zinavyoongezeka ndivyo madhara yanavyoongezeka. Kwa hiyo mtu akikuambia “dendrima ni salama” au “dendrima ni sumu” bila kusema ni ipi na imevikwa nini, hajakuambia kitu.

13. Zinatoka mwilini kwa njia gani?

Figo huchuja vitu vyenye kipenyo cha chini ya takriban nanometa 5 hadi 6. Dendrima ndogo hupita hapo na kutoka na mkojo, mara nyingine upesi mno kabla hazijafanya kazi. Zilizo kubwa zaidi hubaki kwenye damu muda mrefu, na mwisho hukamatwa na ini na wengu.

Mtego uko hapo. Dendrima inayokaa sana kwenye damu ina nafasi nzuri ya kufika kwenye uvimbe, lakini ikiwa haivunjiki, inaweza kujilimbikiza mgonjwa akipewa dozi nyingi. Suluhisho ninaloliona la busara zaidi ni kujenga matawi kwa polyesta au kwa laisini, moja ya amino asidi za mwilini, ili mti wenyewe uvunjike vipandevipande baada ya kazi na vipande vitoke kwa figo. PAMAM, pamoja na umaarufu wake wote, huvunjika polepole.

14. Je, zitaondoa madhara yote ya tibakemikali?

Hapana. Zinabadilisha dawa inakwenda wapi na kwa kasi gani, na kwa hiyo zinaweza kupunguza baadhi ya madhara, kwa mfano yale yanayotokana na kiyeyushi (swali la 7) au na dawa kujaa ghafla kwenye damu. Lakini pia zinaweza kuhamisha madhara. Doksorubisini ya liposomu ilituonyesha hilo: moyo unaathirika kwa kiasi kidogo kuliko kwa doksorubisini ya kawaida, lakini viganja na nyayo za wagonjwa huvimba na kubabuka. Dendrima nazo lazima zichunguzwe kwa jicho hilohilo.

## Hospitalini na maabara

15. Kuna dawa ya saratani ya dendrima inayotolewa hospitalini?

Ninapoandika haya, hakuna iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida. Zilizopo ziko kwenye majaribio kwa binadamu. Kampuni ya Starpharma ya Melbourne, Australia, imejaribu kwa wagonjwa dendrima za laisini zinazobeba dositakseli, kabazitakseli na irinotekani, na zimefika awamu ya pili. AstraZeneca nayo iliingiza kwenye majaribio ya binadamu dawa iitwayo AZD0466, iliyojengwa juu ya dendrima ya aina hiyo (tazama swali la 20).

Ipo dendrima iliyofika madukani, lakini kwa ugonjwa mwingine: jeli ya ukeni yenye astodrima, dhidi ya maambukizi ya bakteria. Ina thamani kwenye mjadala huu kwa sababu imethibitisha kwamba dendrima inaweza kutengenezwa kwa wingi, kwa ubora unaokubaliwa na wadhibiti wa dawa.

16. Panya wanapona kila siku kwenye magazeti. Kwa nini sisi bado?

Uchungu ulio ndani ya swali hili naujua, na aliyeuliza anastahili hesabu, si maneno matamu.

Panya wa maabara ana uzito wa gramu 25 hivi. Uvimbe wa gramu 1 ndani yake ni asilimia 4 ya mwili wake. Kwa mtu wa kilo 70, huo ni uvimbe wa karibu kilo 3. Tena umekua kwa siku chache, mishipa yake imejengwa haraka na ina matundu makubwa. Saratani nyingi za binadamu hukua kwa miezi na miaka, zikiwa na mishipa mizuri zaidi na ukuta mgumu wa tishu unaozuia dawa kupenya. Ile njia ya matundu iliyoelezwa katika swali la 9 inampendelea panya waziwazi.

Kisha, panya anatibiwa uvimbe mmoja uliopandikizwa, mahali panapojulikana, kwa seli zinazofanana. Mgonjwa ana seli zilizobadilika kwa namna nyingi, mara nyingi zimekwisha kusambaa, na amekwisha kupewa dawa nyingine.

17. Kama muundo wake unajulikana hadi atomu, kwa nini ni vigumu kuitengeneza?

PAMAM ya kizazi cha 5 inajengwa kwa hatua 12, na katika hatua hizo viungo vipya vipatavyo 504 lazima vifungwe kwenye kila molekuli. Tuseme kila kiungo kina uwezekano wa asilimia 99 wa kufungwa sawasawa, kiwango ambacho mwanakemia yeyote angekifurahia. Uwezekano wa molekuli nzima kutoka bila kasoro hata moja ni chini ya asilimia 1. Ndiyo maana sampuli halisi za kizazi cha 5 huwa na wastani wa ncha 110 hivi, pungufu ya zile 128 za kwenye mchoro.

Kufunga dawa kunaongeza tatizo la pili. Ukilenga wastani wa molekuli 5 za dawa kwa kila dendrima, na dawa ikijifunga kwa bahati nasibu, chini ya moja kati ya tano ndiyo itakayokuwa na 5 kamili. Nyingine zitakuwa na 2, nyingine 9, na chache hazina kitu. Chupa ina lebo moja lakini ndani yake mna mchanganyiko. Mdhibiti wa dawa anataka chupa ya leo ifanane na ya mwaka kesho, na naamini miradi mingi imezama hapa kuliko kwenye baiolojia. Njia ya kujenga kutoka nchani (swali la 4), pamoja na utakasaji wa kromatografia, ndizo zinazopunguza tatizo hili.

18. Je, nisubiri dawa hizi kabla ya kuanza matibabu? Na hizi “nano” zinazouzwa mtandaoni?

Usisubiri. Upasuaji, mionzi, tibakemikali, tiba za homoni na za kinga zilizopo sasa zimethibitishwa kwa wagonjwa, na saratani nyingi zina kipindi ambacho kuchelewa kunageuza ugonjwa unaotibika kuwa usiotibika. Majaribio ya dendrima kwa kawaida huhitaji mgonjwa aliyekwisha kupata tiba ya kawaida, kwa hiyo kuanza tiba hakukufungii mlango.

Kuhusu bidhaa za mtandaoni, dendrima za saratani zinazojaribiwa hutolewa kwa dripu, chini ya uangalizi, katika majaribio yaliyosajiliwa, na mgonjwa hutia saini ya ridhaa. Kidonge au unga unaodai kufanya kazi hiyo si dawa hii.

## Hali za pekee

19. Zinaweza kutibu uvimbe wa ubongo?

Kizuizi kati ya damu na ubongo hukataa molekuli nyingi, za matawi nazo zikiwemo. Lakini pale penye uvimbe au uchochezi kizuizi hicho hulegea. Watafiti wa Johns Hopkins wameonyesha kwa wanyama kwamba PAMAM ya kizazi cha 4 yenye ncha za haidroksili, bila alama yoyote ya kulenga, huingia na kukusanyika ndani ya seli za kinga zilizo kwenye uvimbe wa ubongo, huku ikiacha sehemu nzima karibu bila kuguswa. Haishiki sana seli za saratani zenyewe, bali walinzi ambao saratani imewageuza kuwa watumishi wake. Huko naona matumaini makubwa kuliko kwenye mambo mengi yanayotangazwa kwa sauti.

20. Saratani ya damu haina uvimbe wenye matundu. Dendrima ina faida gani huko?

Swali zuri. AZD0466 ndilo jibu lake, kwa sababu ilijaribiwa pia kwa wagonjwa wa saratani za damu. Dawa iliyomo huzuia protini mbili, Bcl-2 na Bcl-xL, ambazo huzuia seli ya saratani isife. Shida ni kwamba chembe sahani za damu, zinazosaidia damu kuganda, zinaihitaji Bcl-xL ili ziishi, kwa hiyo dawa ikijaa ghafla mgonjwa anabaki katika hatari ya kutokwa damu. Hapa dendrima haikuwekwa ili ipeleke dawa mahali fulani. Iliwekwa iwe ghala linaloachia dawa kidogokidogo, ili kilele cha dawa kwenye damu kishuke. Kushusha polepole kwenyewe ndiyo kazi iliyokusudiwa.

21. Saratani yangu imekuwa sugu kwa dawa. Dendrima zinasaidia?

Kwa aina moja ya usugu, kwa kiasi. Baadhi ya seli hujenga pampu kwenye utando na kuitapika dawa inapopenya. Dendrima humezwa ndani ya kifuko na kufungua dawa ndani zaidi, kwa hiyo sehemu ya dawa hukwepa pampu hizo. Hilo limeonekana kwenye seli za maabara. Usugu unaotokana na mabadiliko ya kile ambacho dawa inakishambulia haubadiliki kwa kubadilisha mbebaji.

22. Nina figo dhaifu, na nimewahi kupata mzio wa dawa yenye PEG. Naweza kuingia kwenye majaribio?

Yote mawili yana uzito. Figo dhaifu hubadilisha muda ambao mbebaji na vipande vyake vinakaa mwilini (swali la 13), na majaribio mengi huweka kiwango cha chini cha utendaji wa figo ambacho mshiriki lazima awe nacho. Ama PEG, watu wengine wana kingamwili dhidi yake hata kabla ya kupewa dawa ya namna hii, kwa kuwa imo kwenye vipodozi na dawa nyingi. Kingamwili hizo zinaweza kuiondoa dendrima kwenye damu upesi au kuamsha mzio wakati wa dripu.

Nenda na vipimo vya figo vya karibuni, na orodha ya kila dawa iliyowahi kukuletea vipele, kubanwa kifua au kushuka kwa presha, zikiwemo dawa za kulainisha choo zenye makrogoli, ambayo ni PEG kwa jina jingine. Mwulize daktari wa majaribio maswali mawili: dendrima yao imevikwa nini, na mti wenyewe unavunjika au hauvunjiki.